Haivuji, Inavuta

Ilifika Pasua asubuhi ya baridi ya Juni,
mlima umejifunika gubigubi,
Volvo mia mbili arobaini na nne, rangi ya maziwa ya mgando,
mali ya Bi Aikande Mangesho, mkunga mstaafu wa Kiboriloni.
Waswidi wa mradi wa misitu walimwachia kwa bei ya urafiki
walipofunga ofisi wakarudi kwao.
Aliiegesha kwa kuipigania.
"Mwanangu, leo Mnara wa Saa nimeuzunguka mara mbili,
wala si kwa kupenda.
Usukani umekataa kunitoa."

Nikamkalisha kwenye kiti cha Koasta iliyokufa
nikaanza kama alivyonifunza marehemu Kihiyo:
kwanza macho, kisha kidole, spana baadaye.
Mkanda nikaubonyeza, ukarudi nusu inchi. Mzima.
Matairi yana upepo.
Nikainua pua kwa jeki, injini imezimwa,
usukani ukaenda mwisho hadi mwisho bila kushika mahali;
basi si tairodi, si boksi.
Nikawasha.
Nikakata kulia, ikalia.
Nikakata kushoto, ikalia vilevile,
mguno wa mtu aliyeamshwa usiku wa manane
ampishe mgeni kitanda.

Nikalala juu ya kadibodi kutafuta tone.
Chini pakavu kama ahadi ya mdeni.
Na fundi asipoona tone husema pampu.
Pampu ni jibu la aliyechoka kuuliza.
Nikapiga simu Holili:
laki tatu na themanini, imetumika, haina risiti.
Bi Aikande nikamtajia laki nne na nusu.

Hakubishana. Akafungua mkoba,
nikadhani anatoa pesa.
Akatoa kitarumbeta cha mti, kimelainika kwa viganja,
kile cha kusikilizia watoto ambao bado wako njiani.
"Washa."
Ncha za kilemba akazisokomeza ndani zisinaswe na feni,
akainama,
mdomo mpana juu ya pampu, sikio kwenye ule mwembamba.
Mkono wa pili akautandaza hewani: kimya.
Hata Ndelilio, mchomeaji wa jirani,
ambaye hanyamazi hata msibani,
akazima mashine.

Alisikiliza kwa muda wa kumenya ndizi tatu.
"Huyu mzima," akasema. "Anahangaika tu.
Kuna kitu anakunywa ambacho si chake."

Nikafungua kifuniko cha kopo la oili,
jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa
kama nisingekuwa na haraka ya Holili.
Oili nyekundu imekuwa ya waridi,
inaumuka hadi shingoni kama mbege ya siku ya pili.
Upepo.
Pampu ilikuwa inakunywa upepo.
Lakini unaingilia wapi, na huku nje pakavu hivi?

Nikaufuata ule mpira mfupi utokao kwenye kopo.
Nikaupaka povu la sabuni kwa brashi ya kunyolea,
taratibu, kama shavu la babu.
Povu likakaa, likakaa,
na chini ya klipu, mahali pamoja,
likazama.
Ufa usiozidi ukucha wa kichanga.
Haivuji. Inavuta.
Miaka ishirini na miwili natazama sakafu.

Kipande cha mpira, elfu nane. Klipu mbili. Oili lita moja.
Nikazungusha usukani injini imezimwa,
kushoto, kulia, kushoto,
vijipovu vikapanda kimoja kimoja, vikapasuka, vikaisha.
Nikawasha. Kimya kile,
nilidhani nimesahau kuwasha.

Holili wakapiga: mzigo unapakiwa, tuma ya kutolea.
Nikawaambia mgonjwa amejifungua salama.
Ndelilio akacheka hadi akaivua miwani.

Bi Aikande akarudi nyuma kwa kidole kimoja
akapita kati ya Fuso mbili
bila hata kuzitazama.
Kisha akasimama, akashusha kioo,
akanihesabia elfu thelathini na tano,
akaacha mkono wazi dirishani.
"Na risiti," akasema.